Tegu wa Tumboni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Aina, Majina na Misimbo Yake

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyeshika karatasi ya maabara asiyoielewa, na wa mhudumu wa afya anayejaza rejista huku foleni ikimsubiri. Dawa zimetajwa ili uelewe unachoambiwa. Kiasi cha kumeza wewe utaelekezwa na aliyekupima.

## Mambo ya mwanzo

Tegu ni mnyoo wa namna gani?

Ni mnyoo bapa, mweupe, mwenye mwili uliogawanyika pingili. Hana mdomo wala tumbo. Hujishikiza kwa kichwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kufyonza kwa ngozi yake chakula ulichokwisha kumsagia. Pingili mpya huota shingoni, za zamani husukumwa nyuma, na zikishajaa mayai hukatika na kutoka na choo kikubwa.

Minyoo ya mviringo ambayo watoto wengi huwa nayo, pamoja na ile ya safura, ni ukoo mwingine kabisa. Ndiyo maana dawa inayomaliza ile inaweza isimguse huyu (tazama swali la dawa za shuleni).

Madaktari hupanga maambukizi ya tegu kwa kigezo gani?

Kwa maswali mawili: ni tegu gani, na yuko katika hatua gani ya maisha yake ndani ya mwili wa mtu? Watu wengi hulikumbuka la kwanza na kulisahau la pili, na la pili ndilo zito.

Tegu ana maisha ya nyumba mbili. Akiwa mzima huishi kwenye utumbo wa mnyama mmoja, na akiwa lava (yaani bado mchanga) hukaa ndani ya kifuko kwenye nyama au viungo vya mnyama mwingine. Mtu akiwa na tegu mzima tumboni, huo ni ugonjwa mmoja, na mara nyingi ni wa kero tu. Akiwa na lava mwilini ni ugonjwa mwingine, wenye jina lake na msimbo wake (herufi na namba za kuuandika rejistani), na huo unaweza kuua. Mdudu anaweza kuwa yuleyule.

Wanaoishi kwenye utumbo wa binadamu ni wangapi?

Wa kukumbuka ni hawa: tegu wa ng'ombe (Taenia saginata), tegu wa nguruwe (Taenia solium), tegu mdogo (Hymenolepis nana), tegu wa panya (Hymenolepis diminuta), tegu wa mbwa na paka (Dipylidium caninum) na tegu wa samaki (Dibothriocephalus latus, ambaye vitabu vya zamani vinamwita Diphyllobothrium latum). Wako wengine wa nadra, na wachache kati yao wamo mwishoni mwa ukurasa.

Majina ya ng'ombe, nguruwe na samaki yanataja mnyama ambaye lava hutoka kwake kuja kwetu. Jina la tegu wa mbwa ni kinyume: mbwa ndiye anayebeba mdudu mzima, na lava yuko ndani ya kiroboto.

## Wa ng'ombe na wa nguruwe

Nimekuta kipande cheupe kinatembea kwenye nguo ya ndani. Ni nini?

Kama ni bapa, kina urefu wa sentimita 1 hadi 2 na kinajikunja na kujinyoosha, inaelekea ni pingili ya tegu wa ng'ombe. Pingili zake zina nguvu. Hutoka moja moja, hata bila wewe kwenda haja, na hutambaa. Za tegu wa nguruwe huwa zimepoa, na hutoka kadhaa zikiwa zimeungana, ndani ya choo.

Usikitupe. Kishike kwa karatasi au glovu, kitie kwenye kichupa chenye maji safi kidogo, kifunike na ukipeleke maabara siku hiyohiyo. Nawa mikono kwa sabuni, maana kama ni cha nguruwe, mayai yaliyomo ni hatari kuliko mdudu mwenyewe.

Kama ulichoona ni uzi mwembamba wa milimita chache tu, na mtoto anajikuna usiku sehemu ya haja kubwa, huyo si tegu. Na wapo wanaoleta nyuzi za ndizi wakidhani ni mnyoo. Hakuna aibu, zinafanana kweli.

Karatasi ya maabara imeandikwa "mayai ya Taenia". Ni wa ng'ombe au wa nguruwe?

Hapo bado haijulikani, na fundi wa maabara hajazembea. Mayai ya tegu hawa wawili yanafanana kabisa kwenye hadubini: ya mviringo, kahawia, yenye ganda nene lenye mistari, na ndani kiluwiluwi chenye kulabu sita. Hata mwenye miaka thelathini kazini hatayatofautisha kwa jicho.

Kinachotofautisha ni pingili iliyokomaa au kichwa. Fundi hulaza pingili kati ya vioo viwili, huibana taratibu, na mara nyingi hudunga wino mweusi kwenye tundu la ubavuni ili mfuko wa mayai ujichore. Kisha huhesabu matawi makuu ya upande mmoja. Tegu wa nguruwe ana matawi 7 hadi 13, na wa ng'ombe ana 12 hadi 30. Ndiyo, kwenye 12 na 13 wanagongana, na fundi mwaminifu ataandika kwamba hana uhakika. Kichwa hakina utata: wa nguruwe ana vinyonyeo vinne na taji la kulabu safu mbili, wa ng'ombe ana vinyonyeo vinne bila kulabu. Tatizo ni kwamba kichwa hakipatikani kirahisi.

Vipo pia vipimo vya vinasaba, lakini hivyo ni vya maabara kubwa na za utafiti, si vya zahanati.

Kama dawa ni ileile, kwa nini tujisumbue kutofautisha?

Kwa sababu mwenye tegu wa ng'ombe anajidhuru mwenyewe tu, na kidogo. Mayai yake hayafanyi vifuko kwa binadamu. Mwenye tegu wa nguruwe anaweza kuwa anawaambukiza wote wanaokula kwa mikono yake, pamoja na yeye mwenyewe.

Ukijua ni wa nguruwe, kazi haiishii kwenye kidonge. Utamuuliza mgonjwa kama amewahi kuanguka kifafa, kama ana maumivu ya kichwa yasiyopona, kama ana vinundu chini ya ngozi. Utawaita wa nyumbani kwake wapimwe. Na utafikiri mara mbili kuhusu dawa yenyewe (tazama swali la dawa). Ndiyo maana karatasi isiyosema aina ya tegu ni mwanzo wa maswali, si jibu.

Nikila kitimoto chenye vifuko vya lava, vitapanda ubongoni?

Hapana. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika somo hili, na hurudiwa hata na watu wenye elimu.

Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko, lava hutoka kwenye kifuko, hujishikiza kwenye utumbo wako, na baada ya miezi miwili hivi anakuwa tegu mzima wa mita 2 hadi 7. Anabaki tumboni. Jambo hilo lilithibitishwa Ujerumani mwaka 1855, pale daktari Friedrich Küchenmeister alipomlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama ya nguruwe yenye vifuko, kisha akamkuta na tegu wachanga tumboni baada ya kuuawa. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu.

Vifuko vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai, na mayai hutoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu. Nguruwe hana mayai hayo katika nyama yake. Mayai hufika kinywani kwa mikono isiyonawiwa, maji machafu, mboga iliyomwagiliwa maji ya vyoo. Yakifika tumboni huanguliwa, viluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kutua kwenye misuli, macho au ubongo. Nguruwe naye hupata vifuko kwa njia hiyohiyo, kwa kula kinyesi cha watu wasio na choo.

Mimi sili nguruwe kabisa. Niko salama?

Uko salama na tegu wa tumboni wa nguruwe. Lakini kutokula nguruwe peke yake hakukukingi na vifuko vya ubongoni. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa wanne wa Kiyahudi wa Orthodox mjini New York, watu wasiogusa nguruwe kwa imani yao, waliokutwa na vifuko ubongoni. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu huyo.

Kwa hiyo Mwislamu wa Tanga, Mombasa au Zanzibar asione ugonjwa huu ni wa wenzake wa bara. Anayehesabika hapa ni mpishi na choo chake, bila kujali mlaji ana dini gani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kutokana na vifuko hivi. Hapa kwetu tafiti za nguruwe na za wagonjwa wa kifafa zimefanyika Mbulu na Mbozi nchini Tanzania, na kwa upande wa Kenya, Busia. Vijiji hivyo bado vina watu wanaomtuhumu jirani kwa uchawi mtoto akianguka kifafa.

Nitajuaje nyama ina vifuko?

Kwa nguruwe, vifuko huonekana kwa macho: vilengelenge vyeupe vya milimita 5 hadi 10, vyenye maji na nukta nyeupe ndani. Wanunuzi wa nguruwe vijijini humlaza mnyama, humtanua mdomo kwa fimbo na kupapasa chini ya ulimi. Mwenye vinundu huteremshwa bei au hukataliwa. Ila kipimo hicho hukamata wale waliojaa tu, mwenye vichache hupita. Kinachosikitisha ni kwamba aliyekataliwa na mnunuzi mara nyingi huchinjwa nyumbani usiku bila mkaguzi.

Kwa ng'ombe vifuko ni vidogo na vichache zaidi, na mkaguzi wa nyama huvitafuta kwa kukata misuli ya taya, ulimi na moyo. Kwa mlaji, kinga ni kuiva. Kipande kinene kilichoungua nje na kubaki chekundu ndani kirudishe jikoni, iwe nyama choma au mishkaki. Ethiopia, wanakokula nyama mbichi ya ng'ombe kwa heshima zote, tegu wa ng'ombe amezoeleka kiasi kwamba wana mti wao wa asili wa kumtoa, uitwao kosso.

## Misimbo na rejista

Misimbo ya ICD-10 kwa tegu ni ipi?

ICD ni orodha ya kimataifa ya magonjwa inayosimamiwa na WHO. Katika toleo la 10 tegu wote wamo kati ya B67 na B71:

- B67: vifuko vya tegu wa mbwa wa wafugaji (Echinococcus)
- B68: Taenia mzima tumboni. B68.0 ni wa nguruwe, B68.1 wa ng'ombe, B68.9 hakutambuliwa
- B69: vifuko vya tegu wa nguruwe mwilini. B69.0 ni ubongo na mfumo wa fahamu, B69.1 jicho, B69.8 mahali pengine, B69.9 hapakutajwa
- B70: tegu wa samaki. B70.0 ni mdudu mzima tumboni, B70.1 ni lava mwilini
- B71: waliobaki. B71.0 ni tegu mdogo na wa panya, B71.1 wa mbwa na paka, B71.8 wengine waliotajwa, B71.9 hakutambuliwa

Mayai peke yake kwenye hadubini yanakupa B68.9. Kuandika B68.1 kwa sababu mgonjwa amesema anapenda nyama ya ng'ombe ni kubahatisha.

Mgonjwa ana tegu wa nguruwe tumboni na vifuko ubongoni. Niandike upi?

Yote miwili, B68.0 na B69.0. Chini ya B68 kuna maelezo yanayotenga B69, na wengi huyasoma kwamba ukitumia mmoja umejinyima mwingine. Maana yake ni kwamba vifuko havimo ndani ya B68, vina mahali pake. Hayazuii mtu mmoja kuwa na magonjwa yote mawili, na kwa jinsi anavyoweza kumeza mayai yake mwenyewe, si ajabu akawa nayo. Akiwa na kifafa, ongeza G40, vinginevyo takwimu zitaonyesha mnyoo bila madhara yake.

ICD-11 imebadilisha nini?

Toleo hilo lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022. Tegu wamepangwa upya kwa alfabeti ya majina ya Kiingereza ya magonjwa, kuanzia 1F70. Vifuko vya tegu wa nguruwe ni 1F70, na Taenia wa tumboni ni 1F76. Mantiki ya mdudu na hatua yake imebaki ileile. Faida kubwa ni kwamba misimbo inaweza kuunganishwa, ukaonyesha kwa mstari mmoja kifafa pamoja na chanzo chake.

Kwenye rejista ya wagonjwa wa nje kuna "minyoo ya tumbo" tu. Nifanye nini?

Tia alama hapo, maana ndiyo nafasi uliyopewa, lakini andika jina kamili kwenye faili la mgonjwa. Katika ICD-10 "minyoo ya tumbo" bila maelezo ni B82.0, na humo ndani tegu wa nguruwe anakaa na askarisi (mnyoo wa mviringo) wa mtoto wa chekechea bila tofauti yoyote. Kwa maoni yangu hapo ndipo wilaya nyingi zinapompoteza tegu: anatibiwa kila wiki na hahesabiwi hata siku moja. Kama mfumo wako una sehemu ya maelezo ya ziada, itumie.

## Wadogo, na wale wa mbali

Tegu mdogo ni yupi, na kwa nini anarudi rudi kwa watoto?

Hymenolepis nana ana urefu wa milimita 15 hadi 40 tu, na ndiye tegu anayewapata watu wengi zaidi duniani, hasa watoto. Tofauti na wenzake, hahitaji mnyama wa kati. Mtoto humeza mayai kutoka kwenye mikono ya mwenzake na mzunguko unakamilika. Mayai yanaweza hata kuanguliwa ndani ya utumbo uleule bila kutoka nje, kwa hiyo mmoja anazaa mamia. Ukitibu mtoto mmoja wa bweni ukawaacha wenzake, utamwona tena. Dozi yake ya prazikwanteli pia ni kubwa kuliko ya Taenia. Msimbo ni B71.0.

Mtoto analala na mbwa. Atapata tegu?

Anaweza, lakini si kwa kulambwa. Lazima ameze kiroboto mwenye lava. Ni nadra, huwapata watoto wadogo, na hutibika kirahisi (B71.1).

La kuogopa kwa mbwa ni Echinococcus granulosus. Tegu huyo ana milimita chache tu na huishi kwenye utumbo wa mbwa, si wa mtu. Mtu humeza mayai yake, akaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu unaokua kwa miaka. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, imejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani. Mbwa huko huishi na watoto na hulishwa viungo vya mbuzi na kondoo waliochinjwa. Huu si ugonjwa wa tegu wa tumboni, kwa hiyo msimbo ni B67, na dawa ya minyoo ya duka haihusiki.

Sangara, sato na dagaa wana tegu wa samaki?

Tegu wa samaki anayeambukiza watu ni wa maji baridi ya kaskazini, nchi kama Urusi na zile za Baltiki, na jamaa yake yuko Japani. Hupatikana kwa kula samaki mbichi au aliyetiwa chumvi kidogo. Sangara aliyekaangwa hana habari naye. Ndugu walio ughaibuni wanaopenda samaki mbichi ndio wanaohusika. Anaweza kupita mita 10, na hunyang'anya vitamini B12 mpaka baadhi ya wagonjwa wakaishiwa damu.

## Dawa

Anatibiwa kwa nini?

Kwa Taenia wa tumboni hutumika prazikwanteli dozi moja ya miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya uzito, au niklosamidi. Albendazoli ya siku tatu mfululizo nayo imo kwenye mwongozo wa WHO.

Tahadhari ni hii: prazikwanteli husambaa mwilini mpaka ubongoni. Mwenye vifuko asivyovijua anaweza kupata maumivu makali ya kichwa au degedege baada ya kumeza. Niklosamidi haitoki kwenye utumbo, ndiyo maana wengine huipendelea ikiwepo. Mwenye historia ya kifafa asipewe dawa hizi dirishani, apelekwe kwanza hospitali yenye kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa).

Mbona mwanangu alimeza dawa za minyoo shuleni na bado anatoa pingili?

Dawa ya minyoo ya shuleni ni albendazoli au mebendazoli ya mara moja. Inalenga minyoo ya mviringo, na kwa tegu haitegemewi. Shule za maeneo ya kichocho hutoa pia prazikwanteli kwa miligramu 40 kwa kilo, na hiyo humtoa tegu ingawa hakukusudiwa.

Kichwa hakikuonekana chooni. Amepona?

Prazikwanteli humvunjavunja tegu, kwa hiyo kukosa kichwa si dalili ya kushindwa. Choo hupimwa tena baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3. Kichwa kikibaki, pingili zitaonekana tena ndani ya muda huo.

## Kesi za pembeni

Tegu wa Asia anaandikwaje?

Taenia asiatica hupatikana Asia, kwa kula maini mabichi ya nguruwe. Pingili zake hufanana na za tegu wa ng'ombe, kwa hiyo mgonjwa aliyetoka huko akisema hali ng'ombe, mwamini. ICD-10 haina msimbo wake maalumu. B68.9 pamoja na jina kwenye faili inatosha.

Maabara imetaja Bertiella. Ndiyo nini hiyo?

Ni tegu wa nyani na tumbili. Lava wake hukaa ndani ya utitiri wa kwenye udongo, na mtoto anayeokota matunda yaliyoanguka mahali wanapolala tumbili anaweza kuumeza. Pingili zake ni pana na fupi, hutoka zikiwa zimeshikana, na mara nyingi huandikwa Taenia kwa haraka. Msimbo ni B71.8.

Na kile kifuko cha kondoo anayezunguka zunguka?

Wafugaji wanamjua kondoo huyo. Ana kifuko cha Taenia multiceps ubongoni, na mdudu mzima yuko kwa mbwa. Mtu akikipata, jambo la nadra sana, haendi B69 japo kifuko kiko ubongoni na mdudu ni Taenia. B69 ni ya tegu wa nguruwe peke yake, huyu ni B71.8.